Hamira Tunayoisifu na Ile Tunayoisahau

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Methali hii hunijia kila nifikapo somo la hamira darasani hapa Nakuru. Wanafunzi hutaja upesi mkate wa ngano ya Njoro, na wengine, kwa kicheko, hutaja busaa. Hakuna anayetaja utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga. Kosa si lao. Ndivyo tunavyowafundisha sisi walimu.

Utando ule huletwa na Candida albicans, ndugu wa mbali wa hamira. Huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Kinga ya mwili ikidhoofika, kama kwa mgonjwa wa Ukimwi, huinuka. Ikiingia katika damu huweza kuua. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la kwanza la fangasi wa kuhofiwa.

Silaha yake ni umbo. Seli ya mviringo hurefuka ikawa uzi unaopenya nyama ya mwili. Amri ya kurefuka hupitia kinasi, yaani protini zinazobandika fosfeti juu ya protini nyingine na kubadili utendaji wake. Jeni mbili, TPK1 na TPK2, hubeba maagizo ya kuunda kinasi mojawapo. Ikiondolewa TPK2, seli hushindwa kurefuka katika majimaji. Ikiondolewa TPK1, hushindwa juu ya agari ngumu. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba Candida iliyonyimwa uwezo wa kufanya nyuzi haikuwaua panya.

Je, haya ni ya vyuo vikuu pekee? Nakataa. Mtaalamu wa maabara huitambua Candida hii kwa kuitia katika seramu, nyuzijoto 37, na baada ya saa mbili au tatu hutazama kwa hadubini kama seli zimechipua mirija. Simwombi mwalimu alete viini vya maradhi darasani, la hasha! Hamira ya dukani chini ya hadubini, na mchoro ubaoni, vyatosha.

Faida yake ni nini? Antibiotiki huua bakteria, si fangasi. Tena huiondolea Candida washindani wake. Mwanafunzi aliyelielewa hilo hatameza vidonge ovyo kwa sababu ya utando kinywani, wala hatamnunulia mdogo wake. Hapo elimu ya jeni itakuwa imevuka mtihani na kufika nyumbani.