Nimepungua Kilo 27 na Bado Sina Suruali

Watu wangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda Gikomba kutafuta suruali moja. Moja tu. Jinzi nyeusi, isiyo na matobo, ya kwenda kazini. Nilirudi saa nane mchana nikiwa na matope mpaka magotini, mkokoteni umenipitia kwa kisigino ("kando kando!" nilisikia tayari nikiwa nimegongwa), na mfukoni bado niko na ile thao moja na soo tano niliyotoka nayo, ukitoa nauli na chapati madondo. Suruali sikupata.

Sasa wengi wenu mmenifuata hapa tangu nikiwa na kilo 94. Mliona zile video za mimi nikitembea kutoka tao mpaka nyumbani jioni, nikihema kama bodaboda ya zamani. Leo niko na kilo 67. Imenichukua miezi kumi na minne. Sikuanza ju ya urembo, na hili nimewahi kulisema: baba yangu ana kisukari, nimemshikia karai akioshwa kidonda cha mguu, na siku daktari aliniambia sukari yangu pia imeanza kupanda, sikungoja kuambiwa mara ya pili.

Lakini siwezi kudanganya. Kuna zawadi nilikuwa nimejiahidi mwisho wa hiyo safari, na zawadi yenyewe ilikuwa nguo. Kwa sababu hiyo ndiyo ahadi kila msichana mnene wa Nairobi ameahidiwa tangu akiwa darasa la saba. Ukipungua utavaa kila kitu. Mama wa duka amekuambia, shangazi amekuambia, msee wa exhibition hapo tao amekuambia huku akikurudishia nguo kwa hanga: "Jaribu upunguze kidogo tu msupa, hii itakukaa fiti."

Nikapunguza. Haijanikaa fiti.

Acha niwaeleze shida iko wapi, maana wengi wanadhani natania. Kiuno changu ni sentimita 76. Nyonga ni 106. Ukiangalia zile saizi za Uingereza, kiuno changu kinataka 12 na nyonga inataka 16. Nikivaa 12 inafika mapajani inakataa kupanda. Nikivaa 16 inapanda vizuri, inafunga, halafu kwa mgongo inaacha pengo unaweza kuweka simu na chenji. Nikiinama kuokota kitu, steji nzima inajua rangi ya chupi yangu. Na siko peke yangu. Angalia wasichana kwa foleni ya matatu, hesabu ni wangapi wanavuta suruali juu kwa nyuma kila dakika mbili. Wengine hawajawahi kuwa wanene hata siku moja.

Hapo ndipo nilianza kufikiria vizuri. Zile nguo zimepimwa kwa mwili wa nani? Mtumba ya Gikomba inatoka Uingereza, Marekani, Kanada, China. Kila lebo ina hesabu yake: 10 ya Uingereza ni 6 ya Marekani na 38 ya Ulaya, na XL ya China ni M ya dunia nzima. Sisi tunachagua kutoka kwa miili ya watu wengine. Na hii ndiyo sehemu inanichekesha kwa uchungu: kuna viwanda hapa Athi River vimekuwa vikishona jinzi za kupeleka Marekani tangu ile sheria ya AGOA ianze mwaka wa 2000. Inawezekana kabisa suruali nilikuwa nimeshika Jumamosi ilishonwa na msichana anaishi Mlolongo, kwa vipimo vya Mmarekani, ikavaliwa huko miaka miwili, ikarudi kwa beli mpaka Gikomba, na ikakataa kunitosha hapa, kilomita chache kutoka pale ilishonewa. Huyo msichana aliyeishona pengine naye pia anavuta suruali yake juu kwa nyuma.

Hasira yangu si kwa mama wa mtumba. Yule ananunua beli imefungwa, hajui kuna nini ndani mpaka aikate kamba. Akipata suruali thelathini za mtu mwembamba mwenye miguu mirefu, hiyo ndiyo hasara yake ya wiki. Mnakumbuka 2020 serikali ilipiga marufuku mtumba kuingia kuanzia Machi mpaka Agosti ju ya Korona? Nilikuwa shuleni bado, lakini nakumbuka mama mmoja jirani yetu akiuza viatu vyake mwenyewe. Kwa hivyo hapana, hao siwagusi.

Mimi niko na maneno na wale wenye maduka ya nguo mpya, wanaoenda Eastleigh au kuagiza China, wanaojua kabisa ni akina nani wanapita hapo mbele ya duka, na bado wanaleta nguo hamsini za saizi moja na kuziita "free size". Free ya nani? Free size ni saizi ya yule mdoli wa plastiki amesimama mlangoni. Na huyo mdoli mwenyewe ukimzungusha, gauni limebanwa na vibanio vya nguo mgongoni! Hata yeye halimtoshi.

Na midomo yao. Wueh.

Nikiwa mnene, niliwahi kuingia duka moja na kabla nifungue mdomo nikaambiwa, "Madam, hapa hatuna za saizi yako." Nilikuwa nimeingia kumtafutia mamangu kitambaa cha kichwa. Kitambaa! Kwani kichwa pia kina XL? Juzi nimeingia duka lingine, nikashika gauni, msichana wa hapo akaniangalia chini mpaka juu akasema, "Hiyo itakumeza siz, wewe umeisha." Nilikuwa natarajia nisikie vizuri. Si hiyo ndiyo sentensi niliyoilipia kwa jasho miezi kumi na minne? Nikasikia vilevile nilisikia siku ya kitambaa. Ni macho yaleyale, yanakupima kabla ya futi.

Halafu nikatoka hapo nikakutana na jirani yetu wa zamani. "Umekonda! Kwani unaumwa?" Hapo katikati ya barabara, na sauti ya kanisani. Hata mamangu alikuja kitandani kwangu usiku mmoja, akakaa, akanishika mkono na kuniuliza polepole, "Mwanangu, kama kuna kitu niambie, mimi ni mamako." Nilicheka kwanza, kisha nikaacha kucheka. Mamangu alikuwa msichana wa umri wangu wakati Ukimwi ulipotangazwa janga la kitaifa, 1999, na amezika marafiki walioanza hivihivi, kwa nguo kuwa kubwa. Nilimwonyesha daftari langu la kilo na karatasi za hospitali za sukari. Aliangalia kila ukurasa. Kesho yake akanikalangia mayai matatu, yote yangu.

Kuna mambo mengine hakuna mtu aliniambia, nitayapitia haraka. Sidiria zote haziwezi tena, na hizo si bei ya mtumba ukitaka nzuri. Viatu vimelegea, sikujua mguu nao hupungua. Ngozi ya tumbo haikuondoka na mafuta, ilibaki, inajikunja nikikaa, kwa hivyo ile blauzi fupi niliyokuwa nimeiweka kwa simu kama picha ya kunipa moyo, siivai, na si kwa sababu hainitoshi. Pia mkono wangu bado unaenda kwa rundo la nguo kubwa. Nimesimama pale Toi nikichambua upande wa XL dakika ishirini nzima kabla nikumbuke. Na kuna gauni moja la zamani sijaligawa. Liko chini ya kitanda kwa karatasi. Sijui naliwekea nani. Au najua.

Na ule ujanja wetu wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, ikikutana nyuma basi inakutosha? Kwangu umekufa. Ni ujanja mzuri ukiwa hakuna pa kujaribia, lakini shingo inakuambia habari za kiuno tu. Haijui chochote kuhusu nyonga. Nimenunua suruali tatu kwa ushauri wa shingo. Zote tatu dadangu anazivaa.

Sasa tuongee kuhusu dadangu, na hapa ndipo nilitaka kufika tangu mwanzo, ni vile nilikuwa nazunguka.

Miaka miwili iliyopita alikuwa na ruracio. Kina dada na mabinamu tulichanga pesa, wakaenda kununua sare pamoja, magauni ya kitenge yaliyoshonwa tayari. Mimi nilikuwa kazini, nikatuma pesa kwa M-Pesa. Hakuna mtu aliniuliza kipimo. Walileta saizi kubwa zaidi iliyokuwa pale. Nikajifungia chumbani usiku wa kuamkia siku yenyewe nikaijaribu, na haikupita mabega. Nikavuta, nikasikia uzi ukilia kwapani. Nikaikunja vizuri nikairudisha kwa mfuko.

Asubuhi nikasema tumbo linaniuma. Nililala nikiangalia ukuta huku wakipigwa picha nje, nikisikia wamama wakiimba na mbuzi wakihesabiwa. Kwa ile picha kubwa iko sebuleni, wote wamevaa kitenge cha bluu na manjano, mimi siko. Wageni wakiuliza, mamangu anasema, "Huyo mwingine alikuwa mgonjwa." Dadangu, najua unasoma hii. Sikuwa mgonjwa. Samahani.

Miaka hiyo yote niliamini ni mwili wangu ulininyima ile siku. Niliuchukia kabisa. Nimeupunguza kilo 27, nimeuleta dukani kama mwanafunzi amepita mtihani, na duka bado linaniambia siingii. Ndio nikajua. Gauni ndilo lilikuwa dogo. Mabega yangu yalikuwa ya saizi ya mabega yangu. Dakika tano za mtu kuuliza "wewe unavaa ngapi?", au fundi mmoja na mita nne za kitenge, na ningekuwa kwa ile picha, na kilo zangu 94, nikicheka.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini ati nishukuru Mungu, kuna watu hawana hata nguo. Nashukuru. Sukari yangu imeshuka na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Lakini usiniambie nguo ni kitu kidogo. Kuna watu wamekosa harusi, wamekosa graduesheni, kuna msichana sai amekataa kwenda intaviu kwa sababu ya kile kitu unaita kidogo.

Kwa wale mnaendelea kupungua, yale nimejifunza kwa hasara. Usinunue nguo nyingi katikati ya safari, nunua mkanda na sketi mbili za lastiki uvumilie. Ukienda Gikomba vaa taiti na vesti ndani na ubebe leso, ujaribu hapohapo, wacha waangalie. Nunua suruali kwa nyonga, usinunue kwa kiuno, kwa sababu kiuno fundi atakirudisha kwa soo moja au mbili, lakini kitambaa ambacho hakipo hawezi kukiongeza. Na jua namba zako kwa sentimita. Lebo zitakuchanganya, futi haina maneno.

Mimi nimepata fundi. Ni mzee mmoja karibu na kwetu, cherehani yake iko nje ya kibanda cha M-Pesa, redio yake haizimwi. Alinipima bila kuniambia nimekonda au nimenona. Alisema tu, "Inua mkono. Shusha. Geuka," akaandika kwa kikaratasi cha boksi la sigara. Halafu akaniuliza kitu hakuna duka limewahi kuniuliza: "Unataka ikukae vipi?"

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu tayari. Mwishowe nikamwambia nataka niweze kuinama.

Dadangu anafunga harusi Desemba na kuna sare tena. Safari hii nimeomba nipewe kitambaa changu mkononi. Lakini kwanza ile jinzi nyeusi: nimemnunulia fundi kitambaa, ameniambia nikuje Alhamisi, kama stima haitapotea.