Posho ya Mtoto Isiwe Fimbo
Denmark imejenga mfumo wa ustawi wa jamii unaostahili sifa: matibabu na elimu hulipiwa kwa kodi ya wananchi, na wazazi hupata posho ya kulea watoto. Ndiyo maana inauma kuona posho hiyo ikigeuzwa fimbo ya kuwachapia wanyonge. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria zinazohusu mitaa ya nyumba za kupangisha za gharama nafuu, mitaa ambayo huorodheshwa kwa kutazama kipato, ajira, elimu, uhalifu na pia asili ya wakazi: ni lazima zaidi ya nusu wawe na asili “isiyo ya Magharibi”. Humo, mtoto wa mwaka 1 anapaswa kwenda kituo cha malezi saa 25 kwa wiki akajifunze lugha na maadili ya nchi. Mzazi akikaidi anaweza kunyimwa posho. Mwaka huohuo nikabu ikapigwa marufuku hadharani. Sibishi kwamba mhamiaji anapaswa kujifunza lugha na kutii sheria, wala kwamba mtoto hunufaika akianza mapema. Lakini wajibu wa kweli humhusu kila raia. Kama kituo cha malezi ni chema, kiwe chema kwa mtoto wa kila mtaa. Na kama dini ni uhuru, basi uhuru huo ni wa Mwislamu pia. Huwezi kumwambia mtu ajione mwenyeji huku sheria ikiendelea kumhesabu mgeni kwa sababu ya asili ya wazazi wake.