MAKTABA SI YA WATOTO WA MTIHANI PEKE YAO

Ndugu wafanyakazi wa Thika na Ruiru,

Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita, ndugu mmoja alisimama akatoa shauri kwamba chama kidai maktaba zifunguliwe jioni, tena yawekwe masomo ya watu wazima na saa ya hadithi kwa watoto. Kabla hajakaa, wengine walianza kucheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Kitabu hakiliwi. Dai mshahara." Watu wakapiga makofi, na shauri lile likafa palepale kama kuku aliyekanyagwa na lori.

Sisi tunaoandika karatasi hii hatukupiga makofi. Mshahara twautaka kama wengine, na njaa twaijua. Lakini yule ndugu lazima ajibiwe, maana watu wengi wafikiri kama yeye.

Mwakumbuka mwenzetu wa genge la njia, ambaye kwa heshima yake hatumtaji jina. Aliletewa karatasi ya mkopo, kurasa nne za Kiingereza zenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Yeye aliacha shule darasa la sita. Akaambiwa, "Weka sahihi hapa na hapa," naye akaweka. Mwaka wa pili akaja ofisini kuuliza kwa nini mshahara wake wakatwa bado, na hali deni alidhani limekwisha. Tukamsomea ile karatasi polepole, mstari kwa mstari. Yote yalikuwa yameandikwa mle: riba, bima, faini ya kuchelewa. Aliibiwa mchana, kwa maandishi, na sahihi ni yake mwenyewe.

Basi ndugu, ule mshahara mlioupigia makofi uliliwa na karatasi isiyosomwa. Mwasema kitabu hakiliwi. Mbona kutokusoma kunakula?

Wengine watajibu kwamba sisi sote tumekwenda shule. Ni kweli, tumekwenda. Wengi wetu tulisoma shule za misheni hadi darasa la nane, na twawashukuru walimu wetu kwa herufi walizotupa. Lakini katika shule yetu moja palikuwa na kabati la vitabu lenye kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa shule. Miaka minane tuliliona lile kabati, na hakuna aliyelifunguliwa. Siku lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamekwisha kusoma vyote. Tulitoka pale tukijua kusoma lakini hatuna la kusoma, na mtu asiyesoma miaka kumi hurudi nyuma. Leo wako wenzetu wanaosoma vibao vya stesheni na matokeo ya mpira, na zaidi ya hapo wachoka.

Tena msidhani jambo hili la kabati na ufunguo ni la shule yetu tu. Sikilizeni habari ya nchi yetu wenyewe. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Wakati huo Juja, kati ya Ruiru na Thika, ilikuwa shamba la bwana mkubwa aliyezaliwa Marekani, William Northrup McMillan, aliyepewa na Mwingereza cheo cha Sir. Mwaka 1909 Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa mgeni wake hapo Juja akiwinda wanyama. McMillan alikufa mwaka 1925, na mkewe akamjengea ukumbusho mjini Nairobi: maktaba yenye nguzo na simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931. Kwa nani? Kwa Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwaka 1958. Miaka ishirini na saba! Babu zetu walilima mashamba ya hawa mabwana na kubeba mataruma ya reli, na kama Mwafrika aliingia katika nyumba ile, hakuingia kama msomaji.

Mnafikiri kwa nini mlango ulifungwa? Kama kitabu si kitu, kama hakiliwi, kwa nini walikilinda namna ile? Mtu hawekei ulinzi takataka.

Mwafrika naye alipewa njia yake ya pembeni. Kuanzia mwaka 1948 lilikuwako East African Literature Bureau, ambalo lilipeleka masanduku ya vitabu huku na huku na kuazimisha vitabu kwa posta. Hatulidharau, kwa kuwa wazee wengi walipata kitabu chao cha kwanza kwa sanduku lile. Mwaka 1960 mtu wao wa maktaba, Bwana Sydney Hockey, aliandika taarifa akashauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na maktaba za umma. Baada ya uhuru Bunge letu likapitisha sheria ya Kenya National Library Service mwaka 1965, na kazi ikaanza mwaka 1967. Thika ni mmojawapo wa miji iliyopata tawi. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeandika neno maktaba wazi kabisa kati ya kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mtu asitufukuze ofisini akisema jambo hili ni hisani ya wafadhili. Limo katika Katiba, mstari mmoja na viwanja vya michezo.

Sasa mlango u wazi, hapana mlinzi wa rangi. Mbona basi hatuingii?

Twasema bila kuficha: kosa moja ni letu, na makosa mengine ni ya wenye kuzitawala maktaba. Tuanze na yao. Tulisafiri kikazi mpaka mji mmoja wa njia hii, hatuutaji, tukaingia maktaba ya umma na nguo za kazi. Kila kiti kilikuwa na kijana wa mtihani. Wengi wao walikuwa wamekuja na vitabu vyao wenyewe. Walichotaka ni meza na taa tu. Si vibaya, nyumbani kwao hakuna meza. Lakini mama aliyekuja na mtoto wa miaka minne aliambiwa anyamazishe mtoto au atoke. Mzee aliyeuliza gazeti la Kiswahili aliambiwa lililopo ni la juma lililopita. Sisi tulipouliza kitabu cha sheria za kazi tulitazamwa mikono, kama tutapaka vitabu grisi. Saa kumi na moja tukaambiwa wakati umekwisha. Saa kumi na moja, ndugu zetu! Hiyo ndiyo saa mfanyakazi anapovua ovaroli. Duka lenye kufungua wateja wakiwa kazini, na kufunga wateja wakitoka, lingefilisika kwa mwezi mmoja.

Maktaba ya namna hiyo ni chumba cha mtihani chenye rafu za vitabu ukutani. Mtihani ukiisha kijana hutoka asirudi tena maisha yake yote. Twataka maktaba ya mtu tangu anyonye mpaka atembee na mkongojo. Watoto wadogo wawe na saa yao ya hadithi, wakipiga kelele za kuitikia kama tulivyoitikia kwa nyanya zetu. Vijana wa gereji na viwanda wapate vitabu vya umeme, vya uchomeleaji na vya hesabu, na mtu wa kuwaeleza. Mama anayetaka kujifunza kusoma afundishwe bila kuaibishwa. Jina la ngumbaru limewatia watu haya vya kutosha. Wazee wasomewe, kwa kuwa macho hayawezi tena. Na hapa Thika, penye shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ingekuwa aibu kuu kupanga masomo ya umma bila vitabu vya nukta za Braille.

Haya si ndoto. Nairobi, katika mtaa wa Kaloleni, palepale karibu na mitaa ya watu wa reli, kuna maktaba ndogo, tawi la ile ile McMillan. Ilikuwa imechakaa. Mabinti wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 1017 + 1000, yaani 2017, wakapatana na kaunti, wakaitengeneza Kaloleni na ile ya Makadara, na watoto wa mtaa wakarudi. Wawili tu walianza. Sisi chama kizima twashindwa nini?

Tena katika nchi nyingine wafanyakazi hawakungoja serikali. Huko Cuba, mwaka 1865, katika kiwanda cha sigara cha El Fígaro mjini Havana, wafanyakazi waliokuwa wakisokota tumbaku walikubaliana mmoja awasomee kwa sauti wakati wa kazi. Mikono yasokota, masikio yasikia. Yule msomaji hakulipwa na tajiri. Wafanyakazi wenyewe walichanga kutoka mishahara yao. Asubuhi gazeti, baadaye hadithi ndefu, na kitabu cha kusomwa walikichagua kwa kura. Desturi ikaenea kiwanda hata kiwanda. Watu wasiojua hata herufi moja walijua habari za dunia nzima na vitabu vya Victor Hugo. Matajiri na watawala waliogopa, wakapiga marufuku mara kadhaa, na kila mara wafanyakazi walirudisha msomaji wao. Mwaka 1931 matajiri wa viwanda vya Tampa, Marekani, walipowaondoa wasomaji, wafanyakazi wale wa sigara waligoma. Waligoma kwa ajili ya kusomewa! Nasi tulicheka mkutanoni.

Hata hapa kwetu Kiambu jambo hili limewahi kuonekana. Kamirithu, Limuru, wafanyakazi na wakulima walianza darasa la kusoma la watu wazima, na kutoka darasa lile ukazaliwa mchezo wa kuigiza wa mwaka 1977, ambao serikali ya wakati ule iliuzuia, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Humo gerezani akaandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Ilipotoka mwaka 1980, watu waliisoma kwa sauti majumbani na hata katika baa. Msomaji akikauka koo hunyamaza mpaka anunuliwe kinywaji, ndipo aendelee. Ngũgĩ mwenyewe aliyasimulia haya kabla hajafa mwaka 2025. Basi yeyote asemaye watu wetu hawapendi vitabu, aulize baa zile. Watu hupenda kitabu kinachosema lugha yao na taabu yao.

Sasa kosa letu. Jioni stesheni ya Ruiru wenzetu huinama juu ya simu, na tukiwachungulia twaona kamari. Mia leo, mia kesho. Wanasema simu ndiyo maktaba yao. Haya, na mtuonyeshe kitabu mlichokimaliza humo. Wengine waliazima vitabu vya chama miaka iliyopita wala hawakurudisha; twajua majina. Na wengine waona haya kukaa meza moja na watoto wao. Haya hiyo itupeni.

Fedha je? Wataleta neno la fedha, hilo ndilo la kwanza midomoni mwao. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Kwa hiyo mfanyakazi alipopeleka mtoto dukani kununua kitabu, serikali ilikula sehemu yake. Iturudishie kwa rafu.

Na watu wako. Katika hesabu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120, na Thika 251,407. Ruiru imeipita Thika karibu mara mbili, imejaa nyumba za kupanga na watoto wasio na pa kuchezea. Twauliza kaunti swali moja: watu hawa wote wamewekewa viti vingapi vya kusomea? Tupewe idadi, tutakwenda kuvihesabu.

Tangu mwaka 1996 huko Garissa vitabu vimepelekwa kwa wafugaji kwa ngamia. Masanduku hufungwa mgongoni, hema husimamishwa, na hapo ndipo maktaba. Kama ngamia aliweza mchangani, behewa laweza juu ya chuma. Reli tunayo, kutoka Nairobi kupitia Ruiru mpaka Thika na mbele. Behewa moja kuukuu likitengenezwa na mafundi wetu, likiwekwa rafu na taa, laweza kusimama Ruiru siku tatu na Thika siku tatu, na kufungua saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku. Kazi ya ufundi tutaitoa sisi. Vitabu na mshahara wa mtunza vitabu vitoke kwa wale waliopewa kazi hiyo na Katiba.

Tumeandika barua ya kudai hayo, pamoja na saa za jioni na siku za Jumapili mchana. Iko kwa karani wa tawi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Kila mwanachama aje atie sahihi, lakini aisome kwanza, na asiyeweza atasomewa.

Wakati tunangoja majibu, sanduku la vitabu thelathini na vinne liko ofisini, na daftari la kuazima li juu yake. Kila Ijumaa mmoja wetu atasoma kwa sauti: wanaoingia zamu ya usiku saa kumi alasiri, wengine saa moja jioni. Watoto waje Jumamosi asubuhi. Yule ndugu wa "kitabu hakiliwi" tumemwekea kiti cha mbele, na chai itakuwapo.