Kero za Theluji na Uhai wa Jirani: Wito kwa Wakazi wa Buffalo

Dhoruba ya theluji, kwa maana wanayoitumia wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani, haipimwi kwa wingi wa theluji bali kwa upepo uvumao kilomita 56 kwa saa au zaidi, ukiipeperusha theluji hata mtu asiweze kuona vizuri kupita mita 400, na hali hiyo ikadumu saa 3 au zaidi. Ile iliyoukumba mji wa Buffalo, jimboni New York, kuanzia tarehe 23 Desemba 2022 ilidumu kwa takribani saa 37, ikarundika theluji ya zaidi ya sentimita 130 kwenye uwanja wa ndege, na katika Kaunti ya Erie ikaua watu zaidi ya 40. Baadhi yao walikutwa ndani ya magari, wengine nje, wengine katika nyumba zilizokosa joto, na wengine mioyo yao ilisimama walipokuwa wakizoa theluji. Wapo pia waliokufa kwa kuwa gari la wagonjwa lilishindwa kuwafikia.

Chanzo chake ni Ziwa Erie, kwani upepo baridi unapopita juu ya maji ambayo hayajaganda huchukua joto na unyevu, kisha unyevu huo huanguka kama theluji katika pwani ya mashariki, mahali Buffalo ulipo. Kwa kuwa ziwa halitahama, wito huu unawahusu wakazi wote, zikiwemo familia zilizohamia huko kutoka Kongo na Burundi, ambazo nyingi huzungumza Kiswahili na hazikuzaliwa kwenye baridi ya namna hiyo.

Basi lisilofika, taka zisizozolewa na duka lililofungwa ni kero za kweli, hasa kwa kibarua anayelipwa kwa saa, na ni rahisi kwa mwenye mshahara wa mwezi kumhimiza mwenzake avumilie. Hata hivyo, gari moja linalotoka bila dharura likakwama huziba njia ya greda, na greda lisipopita, gari la wagonjwa nalo halipiti. Mwaka 2022 hata magari ya uokoaji yalinasa. Kwa hiyo inawapasa wakazi kubaki majumbani marufuku ya kuendesha inapotangazwa, na kuwaachia namba 911 wale ambao uhai wao uko hatarini.

Aidha, kila jengo na kila mtaa unaombwa kupanga mapema nani atambishia hodi nani, wakianza na wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa wanaotegemea mashine za umeme kupumua, kwani joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu huanza kuchanganyikiwa na huenda asitambue kwamba anahitaji msaada. Mabomba ya zimamoto yaliyofukiwa yafukuliwe, na vivyo hivyo matundu ya kutolea moshi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Jiko la mkaa, ambalo kwa wengi ni chombo cha kawaida cha nyumbani, lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Kuvumilia kero wakati wa dhoruba hakumaanishi kunyamaza baada yake. Marufuku ya kuendesha ya mwaka 2022 ilitangazwa asubuhi ileile dhoruba ilipoanza, wakati wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kutoka majumbani, na hiyo ni lawama ya haki. Njia zikifunguka, wakazi wajitokeze kwa wingi mbele ya baraza la mji kudai kwamba marufuku itangazwe usiku uliotangulia, kwa Kiswahili pia, na kwamba waajiri wasimwadhibu mfanyakazi aliyeitii.