Rwanda: saratani ya matiti na miezi inayopotea kituoni

Kila Oktoba wanawake wa ukanda wetu huhimizwa wajitokeze kupimwa saratani ya matiti. Wito huo ni wa haki, ila unaacha swali moja nyuma: mwanamke aliyejitokeza hupokelewa na nani?

Jirani zetu wa Rwanda wana jibu lenye ushahidi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowahusu wagonjwa 144 wa hospitali za Butaro na Rwinkwavu. Nusu yao walikaa na dalili miezi 5 au zaidi kabla ya kumwona mhudumu wa afya. Nusu walipoteza tena miezi 5 au zaidi baada ya kufika kituoni, wakirudishwa nyumbani, wakipewa miadi, wakihamishwa kutoka mlango huu kwenda ule. Waliotangulia kwa mganga wa jadi walichelewa zaidi, jambo ambalo wengi wangelitarajia. Lakini wamo pia waliokanyaga vituo vya afya mara 5 au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, na hao huwezi kuwalaumu kwa uzembe. Kuchelewa miezi 6 au zaidi, kwa sababu yoyote kati ya hizo mbili, kuliambatana na ugonjwa uliokwisha kuenea.

Ndipo wilayani Burera, kaskazini mwa nchi, wauguzi wa baadhi ya vituo vya afya walipofundishwa kupapasa matiti kwa utaratibu, kutofautisha uvimbe na uvimbe, na kutoa rufaa bila kusitasita. Vituo hivyo vililinganishwa na vingine ambavyo havikupata mafunzo. Wanawake wengi zaidi walifika na kupelekwa hospitali. Wengi wao hawakuwa na saratani, na miongoni mwa waliokuwa nayo wakapatikana walio katika hatua za mwanzo. Hapa ndipo faida ya ushiriki mpana inapoonekana: anayeambiwa kwamba uvimbe wake si saratani hurudi kijijini na habari njema, na jirani yake hupungukiwa na hofu.

Je, mikono ya muuguzi yatosha pasipo mashine ya mamografia? Mjini Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20, nusu yao wakipapaswa matiti kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa ngazi ya msingi. Kwa wanawake wote kwa pamoja, upungufu wa vifo haukuwa mkubwa kiasi cha kuthibitika. Kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo asiyekuwa na mashine hana sababu ya kukaa bure, ingawa asiahidi makubwa kwa wanawake vijana, ambao katika Afrika ni sehemu kubwa ya wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka lengo la siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni hadi apate jibu, na kwamba asilimia 60 ya saratani hizo zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Siku hizo 60 haziamuliwi na mwanamke. Huamuliwa na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na mituweli iliyolipwa au isiyolipwa, na kuwapo kwa mtaalamu wa kukisoma kinyama kilichokatwa. Rwanda ilifungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, na tiba ya mionzi ikaanza Kigali mwaka 2019; kabla ya hapo wagonjwa walioihitaji walipelekwa nje ya nchi.

Nchi inayokusudia kuita wanawake wengi zaidi ingehesabu kwanza wasomaji wake wa vinyama, kisha ndipo ipige mbiu. Mwanamke akishaitwa, akapapaswa, akakatwa kinyama, kisha akasubiri jibu miezi mitano, mwaka unaofuata hatakuja, wala hatamleta dada yake.