Uzuri wa Gurudumu ni Kushika Barabara

Atembeaye jioni katika mitaa ya Nairobi au Dar es Salaam hachelewi kuliona gari la Kijapani lililoshushwa hadi bodi yake karibu iguse lami, likiwa limevikwa rimu kubwa zing'aazo na matairi yenye ubavu mwembamba kama mkanda. Aghalabu huwa ni Subaru Impreza, ambayo aina yake ya WRX ilianza kuuzwa mwaka 1992, au Toyota Altezza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Magari haya yaliundwa kwa ajili ya mwendo, yakatumika kwanza kwao Japani, kisha yakavuka bahari na kupendwa na vijana wetu. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuchagua rimu na springi kwa macho peke yake, ilhali fizikia ya shule ya sekondari ingetosha kumwonyesha mnunuzi kwamba mara nyingi analipa fedha nyingi ili gari lake liwe baya zaidi.

Hebu kwanza tujiulize: gurudumu, springi na shokapu vina kazi gani? Vyote vitatu vina kazi moja kuu, nayo ni kulizuia tairi lisiachane na barabara. Gari zima hushikana na ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja karibu ukubwa wa kiganja cha mkono. Kuongeza mwendo, kukata kona na kufunga breki, yote hutegemea vipande hivyo. Tairi lililo hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, halimtii dereva kwa lolote.

Tuanze na uzito. Gurudumu likirushwa na jiwe, springi ndiyo ilisukumayo kurudi chini. Newton alitufundisha kwamba mchapuko ni kani ikigawanywa kwa tungamo; basi kadiri gurudumu lilivyo zito, ndivyo linavyochelewa kurudi. Tena kuna hasara ya pili. Tungamo lililo ukingoni mwa gurudumu huenda mbele na papo hapo huzunguka, kwa hiyo nishati yake ya mwendo ni karibu mara mbili ya ile ya tungamo hilohilo likiwa limetulia kitini. Rimu mpya zikiongeza kilo 4 ukingoni mwa kila gurudumu, gari huongezeka kilo 16, lakini injini na breki huzihisi kama karibu kilo 32. Kijana aliyezinunua ili gari liondoke upesi amempakia abiria mdogo asiyeshuka kamwe.

Sasa tuzisome namba za tairi. Tairi la 205/55 R16 lina upana wa milimita 205. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Nalo hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 16. Kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 632 hivi. Tukiweka badala yake tairi la 225/40 R18, kipenyo kinakuwa milimita 637. Tofauti haifiki asilimia 1, na ndiyo maana muuzaji husema kwa uhakika kwamba "inakaa bila tatizo". Lakini ubavu umepungua kutoka milimita 113 hadi 90. Tumepoteza moja ya tano ya mto wa hewa uliokuwa ukiilinda rimu.

Katika uwanja wa mashindano wenye lami laini, ubavu mfupi una faida ya kweli: haupindi sana kwenye kona, na usukani hujibu haraka. Katika barabara yenye mashimo, kingo za shimo huifikia rimu mapema, rimu ikapinda au tairi likapasuka. Wanamashindano wenyewe wanalijua jambo hili. Katika mashindano ya dunia ya rali, magari huvaa rimu za inchi 18 kwenye lami, lakini kwenye changarawe huvaa za inchi 15. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, gari lake lilikuwa limenyanyuliwa, wala halikushushwa. Hata Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989, ambayo sifa zake zimeenea duniani kote, ilitoka kiwandani na rimu za inchi 16 tu. Mhandisi huitazama barabara kwanza, ndipo achague gurudumu.

Upande wa springi makosa ni makubwa zaidi, kwa kuwa hayaonekani. Tuchukue mfano wa kukokotoa darasani. Pembe moja ya gari inabeba kilo 300, na springi yake ina ugumu wa Newtoni 20 kwa kila milimita. Springi ina nafasi ya kushuka milimita 80 kabla ya kugonga kizuizi cha mpira. Ili kizuizi kigongwe, barabara itahitaji kuongeza kani ya Newtoni 1,600. Sasa mwenye gari anamwamuru fundi aikate springi kutoka mizunguko 6 hadi 5. Kwa kuwa ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko, unapanda hadi Newtoni 24. Lakini gari limeshuka, na tuseme nafasi iliyobaki ni milimita 40 tu. Zidisha: ni Newtoni 960. Springi imekuwa ngumu zaidi, hata hivyo gari litagonga chini kwa kani ndogo zaidi. Mwenye gari anadhani ameliimarisha, kumbe amelidhoofisha. Na pindi kizuizi kinapogongwa katikati ya kona, gurudumu huwa kana kwamba halina springi kabisa, nalo huruka kutoka barabarani.

Shokapu nayo husahauliwa. Springi hutunza nishati na kuirudisha. Shokapu huigeuza nishati hiyo kuwa joto, ili gari lisiendelee kurukaruka. Kwa tungamo lilelile, nguvu ya kuzuia inayohitajika hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu wa springi. Ugumu ukiongezwa mara mbili, shokapu inapaswa kuwa na nguvu mara 1.4 hivi. Mtu akiweka springi ngumu juu ya shokapu zilezile za zamani, tena zilizochoka kwa miaka mingi, amefunga ndoa ambayo haitadumu.

Liko pia suala la vipimo. Matundu matano ya nati za Impreza ya mwaka 1992 yamepangwa kwenye duara la milimita 100. Ya Altezza yako kwenye duara la milimita 114.3. Hizo haziingiliani. Rimu ya Skyline ina duara sawa na la Altezza, lakini tundu lake la katikati lina milimita 66.1, huku kitovu cha Toyota kikiwa na milimita 60.1, bila pete ya kuziba pengo hilo, rimu haikai katikati sawasawa na gari hutetemeka. Hata nati zao zina hatua tofauti za uzi: milimita 1.25 kwa Nissan na 1.5 kwa Toyota. Kulazimisha nati isiyo yake ni kuharibu uzi ulioshika uhai wa abiria.

Wako watakaonijibu kwamba gari ni la mwenyewe na fedha ni zake, na kwamba urembo nao una haki yake. Nakubali yote mawili. Lakini barabara si ya mwenyewe. Mtoto anayevuka kwenda shule hakushauriwa wakati springi ilipokatwa. Tena tusiseme kwamba huu ndio ufundi wa Kijapani: nchini Japani kwenyewe gari hukaguliwa kwa vipindi, na likiwa na chini ya sentimita 9 kutoka ardhini halipiti ukaguzi.

Kwa maoni yangu, anayetaka gari bora afuate utaratibu huu. Kwanza, anunue matairi mazuri ya ukubwa uliowekwa na kiwanda. Pili, abadilishe bushi na shokapu zilizochoka, kwani gari lililotumika miaka mingi halijulikani lilivyo hadi lirudishiwe afya yake. Tatu, kama bado ana fedha, atafute rimu nyepesi kuliko za awali, wala si kubwa zaidi, na azipime kwenye mizani kabla ya kulipa. Atazame pia alama ya JWL, inayohusu kiwango cha Japani cha rimu za aloi nyepesi. Mwisho kabisa, afikirie springi, na hizo zinunuliwe pamoja na shokapu zilizoundwa kwenda nazo.

Nanyi walimu, hapa mnayo maabara isiyohitaji jengo. Wanafunzi wenu wanayajua majina ya magari haya kuliko wanavyozijua kanuni za Newton na za Hooke. Wapelekeni mahali magari yanapoegeshwa, wasome namba za matairi, wakokotoe vipenyo, wapime umbali wa bodi kutoka ardhini. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo mara moja hatadanganywa na mng'aro, na siku atakapokuwa fundi, atakuwa na sababu ya kumwambia mteja wake: hapana, springi hii siikati.