Picha ya Simu Haitoshi

Imani moja imeota mizizi Nairobi: kwamba kukaa na brashi na rangi za maji uchore chombo cha fundi ni kupoteza wakati, maana simu inaimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Imani hiyo ni potofu, na inatupotezea ujuzi.

Chukua jiko la makaa la bati na udongo, lile ambalo mkazi wa mtaa wa Woodley hununua akivuka tu kuingia soko la Toi. Lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, mapema miaka ya 1980, na mafundi wetu wakalifanya lao. Lipige picha: utapata bati lililopakwa rangi, basi. Mchoraji hulipasua katikati kwenye karatasi. Anaonyesha kiuno kilichobanwa, bakuli la udongo wa kuchomwa lenye matundu ya kudondoshea majivu, saruji inayolishika bakuli hilo, na kijilango cha hewa chini. Hawezi kuyachora hayo bila kumuuliza fundi. Kiuno kimebanwa kwa nini? Tindo hii inakatia nini? Mbona unafulia bati juu ya kipande cha reli? Fundi akijibu, jibu linaingia kwenye mchoro, na kwa kuwa rangi ya maji ni nyepesi, mistari ya penseli na vipimo hubaki vikionekana chini yake.

Marekani, kati ya 1935 na 1942, kamera zikiwa tele, serikali iliwaajiri mamia ya wachoraji wasio na kazi wachore vyombo vya watu wa kawaida. Michoro takriban 18,000 ya mradi huo, Index of American Design, imehifadhiwa Washington hadi leo.

Kwetu, serikali ya kikoloni ilimpa mchoraji Joy Adamson kazi ya kuwachora watu wa Kenya mwaka 1949. Ni hazina, lakini jicho lake lilikuwa kwenye mavazi na mapambo. Fundi akiwa kazini bado anasubiri mchoraji wake.

Simu irekodi sauti na mdundo wa nyundo; hapo sina ugomvi. Ila walimu wa sanaa, mtaala wa umilisi umewafungulia mlango: wapelekeni wanafunzi kwa mafundi wakiwa na karatasi na rangi. Mlipeni fundi muda wake, na jina lake liandikwe chini ya kila mchoro.